PyMOL kwenye Ubuntu 24.04: dirisha jeusi, na skripti inakataa. Nianzie wapi?

#1 Binti_Pangani
Habari wakuu. Nasoma uzamili, kazi yangu inahusu himoglobini ya selimundu. Msimamizi anataka picha 40 za protini kwenye tasnifu, zote ziwe na rangi zilezile, pembe ileile na ukubwa uleule. Nimejaribu kwa mkono, nikifika ya kumi naona haifanani na ya kwanza. Ndiyo maana nimeamua kuandika skripti ya PyMOL, ile programu ya kuchora molekuli.

Laptopu ni ya mtumba, RAM GB 4, picha zinaendeshwa na Intel ya ndani ya prosesa, Ubuntu 24.04. Nikiandika pymol kwenye terminali dirisha linafunguka, menyu zinaonekana, ila sehemu ya kuchorea ni nyeusi tii. Nikigusa kwa kipanya linajifunga. Na ile skripti, hata kabla haijafika kwenye kuchora, inanijibu hivi:

ImportError: cannot import name 'cmd' from partially initialized module 'pymol'

Nimeondoa na kusakinisha upya mara tatu. Nina wiki mbili kabla ya kupeleka rasimu. Mwenye uzoefu anisaidie, tafadhali.

#2 FundiTerminal
Pole sana. Acha kwanza kusakinisha upya, maana tatizo hatujalijua. Endesha hizi tatu, bandika majibu kama maandishi, usipige picha kwa simu:

which -a pymol
echo $XDG_SESSION_TYPE
glxinfo | grep renderer

Ya tatu ikikataa, sakinisha mesa-utils. Halafu fungua pymol tena na unakili kila kinachotoka kwenye terminali kabla dirisha halijafa.

#3 Kobe wa Pemba
Yakhe, hiyo Wayland tu, ule mfumo mpya wa kuonesha madirisha. PyMOL inategemea maktaba ya GLEW, na GLEW ya kwenye vifurushi vingi imejengwa ikitarajia GLX, ile njia ya X11 ya zamani. Ikikutana na Wayland mtupu, inapotea. Jaribu:

QT_QPA_PLATFORM=xcb pymol

Ikifunguka, weka mstari huo kwa export kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila terminali inapofunguka, ukalale.

#4 Mfupa Mgumu
Kwa nini ung'ang'anie PyMOL? ChimeraX inatolewa na Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ina faili la .deb la Ubuntu, na ni bure kwa kazi isiyo ya biashara. Unaisakinisha kwa sudo apt install ./ na jina la faili. Skripti zake unaandika kwa .cxc au kwa Python. Mimi nilihama na sijarudi nyuma.

#5 Binti_Pangani
Asanteni. Majibu haya hapa:

which -a pymol
/home/mimi/miniconda3/bin/pymol
/usr/bin/pymol

XDG_SESSION_TYPE: wayland

glxinfo inasema Mesa Intel, na inafuata namba ya kadi. Na hiki ndicho kinachotoka kwenye terminali:

libGL error: MESA-LOADER: failed to open iris: /home/mimi/miniconda3/lib/libstdc++.so.6: version GLIBCXX_3.4.30 not found

Mfupa Mgumu, ChimeraX nimeisikia, lakini maabara yetu yote inatumia PyMOL na faili za .pse wanazonitumia ni zake.

#6 FundiTerminal
Sasa tunaongea. Kwanza, una PyMOL mbili. Ya /usr/bin imetoka apt, kisakinishi cha Ubuntu yenyewe, nayo kwa 24.04 ni toleo la 2.5. Ya miniconda3, yaani ya conda, kisakinishi kingine kinachobeba maktaba zake, ndiyo inayoitwa kwanza kwa sababu iko mbele kwenye PATH, orodha ya folda ambamo terminali hutafuta amri. Kila ulipoondoa moja ukasakinisha upya, nyingine ilikuwa imekaa palepale inakutazama.

Pili, Kobe, soma ule mstari wa mwisho. Wayland haijatajwa. glxinfo imeikuta kadi vizuri kwa sababu inatumia maktaba za mfumo. PyMOL ya conda inabeba libstdc++ yake, maktaba ya C++, ambayo ni ya zamani. Draiva ya iris ya Ubuntu inahitaji GLIBCXX_3.4.30, alama iliyokuja na kompaila ya GCC 12. Draiva inaingia ndani ya nyumba ambayo tayari ina libstdc++ ya zamani, inauliza 3.4.30, haipo, inaondoka. Hakikisha mwenyewe:

strings ~/miniconda3/lib/libstdc++.so.6 | grep GLIBCXX

Ikiishia 3.4.29, huyo ndiye mkosaji. Usiendelee kupachika vitu kwenye mazingira ya base. Tengeneza mapya:

conda create -n picha -c conda-forge pymol-open-source
conda activate picha

#7 Nyuki_Eldoret
Niliwahi kupata kosa hilo neno kwa neno. Sikuwa na bando la kushusha mazingira mapya, nikafanya hivi:

LD_PRELOAD=/usr/lib/x86_64-linux-gnu/libstdc++.so.6 pymol

Ilifunguka papo hapo. Lakini usiiweke kwenye .bashrc! Mimi niliiweka, kila programu niliyofungua kwenye terminali ikawa inabeba ile maktaba hata isipoihitaji, na nilipoteza siku nzima kutafuta kwa nini vitu visivyohusiana vinalalamika. Itumie kwa amri moja tu.

#8 Kobe wa Pemba
FundiTerminal, nimekuelewa, ila hujajibu swali moja. Binti, hebu endesha /usr/bin/pymol kwa njia yake kamili. Hiyo haina conda ndani yake. Kama nayo inaleta giza, basi libstdc++ ya conda haihusiki hapo.

#9 Binti_Pangani
Nimeendesha /usr/bin/pymol. Dirisha linafunguka, haijifungi, lakini bado sehemu ya kuchorea ni nyeusi. Na safari hii hakuna hata mstari mmoja wa kosa.

#10 Kobe wa Pemba
Ndiyo hayo niliyosema.

#11 FundiTerminal
Yanaweza kuwa magonjwa mawili kwa mgonjwa mmoja. Prosesa yako ni kizazi gani? Nauliza kwa sababu iris inahudumia Broadwell na kuendelea, yaani Core kizazi cha 5. Za nyuma ya hapo zinatumia crocus. Umeshazima laptopu na kuiwasha tangu ulipofanya apt upgrade ya mwisho? Mesa, yaani maktaba yenye draiva za picha, ikisasishwa huku dirisha la mfumo mzima linatumia ile ya awali, vitu vya ajabu hutokea.

#12 Mzee wa Kukompaili
Mnamzungusha mtoto wa watu. Aijenge mwenyewe kutoka kwenye chanzo. PyMOL ilianzishwa na Warren DeLano mwaka 2000 kwa nia kwamba mtu aweze kuufungua moyo wake. Alifariki 2009, na Schrödinger waliichukua mwaka uliofuata, lakini chanzo huria kipo wazi kwenye GitHub mpaka leo. Unahitaji libglew-dev, libglm-dev, libpng-dev, libfreetype6-dev, libxml2-dev, libnetcdf-dev, PyQt5 na kompaila inayojua C++17. Ukimaliza unajua kila kilichomo.

#13 Nyuki_Eldoret
Mzee shikamoo. Ana RAM ya GB 4 na wiki mbili. Akianza kukompaili leo, rasimu itapelekwa na nani?

#14 Mzee wa Kukompaili
Marahaba. Akompaili faili moja moja, RAM itatosha. Lakini sawa, kwa muda alionao nakubali.

#15 Mla Mihogo
Naomba nizungumzie bando kidogo, kwa sababu wengi tunakwama hapo na tunaona aibu kusema. Anaconda kamili inakaribia GB 1 kuipakua, na ukishaifungua inakula diski zaidi ya hapo. Mtu anayetaka PyMOL tu haihitaji. Chukua Miniforge, ni ndogo na tayari inaelekea conda-forge. Au micromamba, ni faili moja tu. Mmoja akishashusha, vifurushi vinabaki kwenye folda ya pkgs. Sisi tunaipeleka kwa flashi kwa mwenzetu, anasakinisha kwa --offline. Kwenye kundi letu la watu 9 alilipia bando mmoja tu.

#16 Mwalimu wa Baiolojia
Mmeshughulika na dirisha tu, la skripti hamjaligusa. Binti, ile ImportError naijua. Faili lako la skripti umelipa jina gani?

#17 Binti_Pangani
pymol.py

#18 Mwalimu wa Baiolojia
Basi ndiyo hilo. Python ikiona import pymol inatafuta kwanza kwenye folda ya skripti yenyewe. Inakuta pymol.py, yaani faili lako, inajisomea yenyewe kabla haijamaliza kujisoma. Lipe jina jingine, picha_hb.py kwa mfano, na ufute folda ya __pycache__ iliyo pembeni yake.

Wanafunzi wangu hufanya hivyo kila mwaka, na siwalaumu, maana ni jina la kwanza linalokuja kichwani. Mwaka jana mmoja aliita lake random.py, numpy yote ikagoma kufunguka.

#19 Binti_Pangani
Mwalimu, limekubali! Nimekaa na hilo kosa siku nne. Asante sana.

Sasa skripti inaendeshwa lakini valini, asidi amino iliyobadilika kwenye selimundu, haziwi nyekundu. Muundo ninaouchora ni 2HBS, himoglobini ya selimundu. Nimeibadilisha iwe .pml ili muisome kwa urahisi:

fetch 2hbs
hide everything
show cartoon
select valini, chain B+D+F+H and resi 6
show sticks, valini
color red, valini
util.cbc
bg_color white
ray 1800, 1200
png selimundu.png, dpi=300

#20 Nyuki_Eldoret
Umepaka nyekundu kisha ukapaka rangi nyingine juu yake. util.cbc inaweka rangi kwa kila mnyororo, na inapita juu ya kila kitu kilichotangulia. Ipandishe, ikae chini ya show cartoon. Rangi maalumu daima ziwe mwisho.

Ongeza pia show sticks, resn HEM ili himu, zile zinazoshika oksijeni, zionekane. Himoglobini bila himu ni kama kandili bila utambi.

#21 Mfupa Mgumu
Na fetch uiandike fetch 2hbs, async=0. Bila hivyo PyMOL inaendelea na mistari inayofuata huku faili bado linashuka, mwishowe unachora hewa.

#22 FundiTerminal
Mfupa, hilo lilikuwa kweli zamani. Tangu 2.3 chaguo-msingi ni kusubiri. Kuliandika si kosa, lakini halimsaidii. Ila kuna mtego hapo kwa wanaoandika Python: kuanzia Python 3.7, async ni neno la lugha yenyewe. Ukiandika cmd.fetch("2hbs", async=0) unapata SyntaxError kabla hata PyMOL haijaamka. Unaandika async_=0, na mstari wa chini nyuma yake. Skripti nyingi za miaka ya nyuma zinazozunguka kwenye makundi zinakufa hapo hapo.

#23 Mfupa Mgumu
Nimekubali. Skripti zangu za PyMOL ni za enzi hizo.

#24 Daktari Mtarajiwa
Samahani kwa kuingilia, ila mbona kwenye skripti mnasema resi 6? Sisi kwenye jenetiki tunafundishwa kuandika Glu7Val, yaani glutamati ya 7 imekuwa valini. Binti atakosolewa na mtahini.

#25 Mwalimu wa Baiolojia
Mko sahihi wote wawili, na hapa ndipo skripti nyingi zinapochora kitu kisicho. Hesabu ya 7 inaanza na methionini ya kwanza, ile inayoandikwa na jeni. Methionini hiyo hukatwa, haipo kwenye protini iliyokomaa, kwa hiyo waliozoea protini wanahesabu kuanzia valini inayofuata, na badiliko linaangukia 6. Kodoni ni ileile, GAG imekuwa GTG. Faili la 2HBS linatumia hesabu ya protini iliyokomaa, kwa hiyo kwenye skripti ni resi 6. Kwenye maandishi ya tasnifu ataje zote mbili.

Usiamini namba kwa macho, Binti. Muulize PyMOL mwenyewe:

iterate valini and name CA, print(chain, resi, resn)

Ikikujibu VAL mara nne, endelea. Ikikujibu GLU, umefungua faili la himoglobini ya kawaida.

#26 Binti_Pangani
Imenijibu VAL mara nne: B, D, F na H. Lakini kwa nini minyororo ni minane? Nimezoea himoglobini yenye minne.

#27 Mwalimu wa Baiolojia
Umeuliza swali zuri kuliko lote la uzi huu. Fuwele ya 2HBS ina himoglobini mbili zimeegemeana, kila moja na minyororo minne, alfa mbili za asidi amino 141 na beta mbili za 146. Waliotatua muundo huo walifika angstromu 2.05, na ukaribu huo wa himoglobini mbili ndio ugonjwa wenyewe. Valini ya 6 haipendi maji. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini ya beta mmoja inaingia kwenye mfuko wa himoglobini jirani, mfuko ambao kuta zake ni fenilalanini ya 85 na lusini ya 88. Jirani naye anamshika mwingine, mpaka unapata uzi mrefu unaoikunja chembe nyekundu ya damu iwe kama mundu.

Kati ya beta mbili za kila himoglobini, valini ya mmoja tu ndiyo inayoshika. Kwa hiyo picha yako isioneshe nne nyekundu halafu basi. Tafuta ile inayogusa:

select jirani, byres (all within 5 of valini) and not valini
show sticks, jirani and resi 85+88

Zungusha mpaka uione. Ukishaipata, andika get_view, nakili namba 18 zinazotoka, uziweke kwenye skripti kama set_view. Hapo ndipo pembe ya picha zako zote 40 itakuwa moja.

#28 Nyuki_Eldoret
Nimefungua 2HBS sasa hivi kufuata maelezo ya Mwalimu. Nimeiona ile valini imeingia mfukoni. Nilisoma selimundu tangu kidato cha tatu na sijawahi kuuona ugonjwa wenyewe kwa macho.

#29 Daktari Mtarajiwa
Dada yangu mdogo ana selimundu. Nimekaa kimya naangalia hiyo skrini. Asante Mwalimu.

#30 Mla Mihogo
Daktari, Mungu amjalie nafuu.

Kwa kuwa tumefika huku: Anthony Allison, aliyeonesha mwaka 1954 kwamba mwenye jeni moja ya selimundu ana kinga dhidi ya malaria, alikulia Kenya, na damu alizozichunguza zilitoka huku kwetu Afrika Mashariki. Wiki hii yote tunahangaika na draiva za kadi kwa ajili ya molekuli ambayo habari yake ni ya nyumbani.

#31 FundiTerminal
Turudi kwenye rasimu yake, siku zinakwenda. Binti, kuchora picha hakuhitaji dirisha hata kidogo. Amri ya ray inafanya hesabu kwa prosesa, haigusi kadi ya picha. Endesha hivi:

pymol -cq picha_hb.pml

c inazuia dirisha, q inanyamazisha salamu za mwanzo. Dirisha likibaki jeusi hadi Krismasi, picha zako zitatoka. Kuna mtu hujaribu kufungua PyMOL ya seva kwa ssh -X akitegemea ionekane kwake. Seva za X tangu 2015 huzuia OpenGL ya namna hiyo isipokuwa ukiiruhusu, kwa hiyo dawa yake ni hiyohiyo.

#32 Binti_Pangani
Imetoka!!! Valini nyekundu, nyuma nyeupe. Nimewapigia kelele wenzangu wa bweni wakadhani nimefaulu mtihani.

Nilipoongeza show surface na kuweka ray 4000, 4000 ikasimama, mwisho ikaandika Killed.

#33 Nyuki_Eldoret
Hapo RAM imejaa, Linux imeiua PyMOL ili mashine isizame. GB 4 na minyororo minane ya uso mzima ni mzigo. Weka set hash_max, 80 kabla ya ray, inapunguza RAM kwa kuongeza muda. Na 4000 ya nini? Pikseli 1800 kwa dpi 300 ni inchi 6, kama sentimita 15, yaani upana wote wa maandishi kwenye A4.

Ukizungusha picha 40 kwenye Python moja, mwisho wa kila mzunguko weka cmd.reinitialize(). Bila hiyo miundo inarundikana kwenye RAM mmoja juu ya mwingine.

#34 Mfupa Mgumu
Au tumia pymol2, kila muundo unapata PyMOL yake inayofungwa kazi ikiisha:

import pymol2
with pymol2.PyMOL() as p:
    p.cmd.load("2hbs.cif")

Mnaona, nimerudi PyMOL kidogo.

#35 Nyuki_Eldoret
Karibu nyumbani.

#36 Tcl Bado Hai
Nashangaa hakuna aliyeitaja VMD, programu nyingine ya kuchora molekuli. Kwa walio na mienendo ya molekuli, yaani fremu maelfu, PyMOL inachoka mapema. VMD ya Chuo Kikuu cha Illinois inaendeshwa bila dirisha vilevile: vmd -dispdev text -e hesabu.tcl. Haipo kwenye apt ya Ubuntu kwa sababu ya leseni, lazima ujisajili, upakue, kisha ./configure, ingia src, sudo make install. Na kila atomselect, yaani kundi la atomi ulilochagua, uifute kwa $sel delete. Mimi sikufuta, nikapita fremu 5,000, mashine ikaganda usiku kucha na data ya seva ya chuoni nilikuwa sijainakili.

#37 Pwani Yote
Chuoni kwetu fetch haifanyi kazi kabisa, inakaa tu kisha inasema haijaweza. Kumbe mtandao unapitia proksi. Kwenye kivinjari inafanya kazi kwa sababu kivinjari kimeshawekewa. Kwenye terminali lazima uandike export https_proxy na anwani ya chuo, au upakue faili la .cif.gz kwa kivinjari na ulifungue kwa load. PyMOL inasoma .gz moja kwa moja, hakuna haja ya kulifungua kwanza.

#38 Binti_Pangani
Wakuu, taarifa. Picha 40 zote zimekamilika jana usiku, msimamizi amezikubali. Na dirisha sasa halina giza!

Nilifanya haya kwa siku moja: nilitengeneza mazingira mapya ya conda-forge kama alivyosema FundiTerminal, nikaweka export QT_QPA_PLATFORM=xcb kwenye .bashrc kama alivyosema Kobe, nikafanya apt upgrade na kuzima mashine. Nilipowasha, zote mbili, ya conda na ya /usr/bin, zinafunguka vizuri.

#39 Kobe wa Pemba
Alhamdulillahi. Ya /usr/bin imepona, nayo haijaguswa na conda. Kwa hiyo ni Wayland.

#40 FundiTerminal
Ya /usr/bin imepona baada ya Mesa kusasishwa na mashine kuzimwa. Kwa hiyo nayo inaweza kuwa Mesa. Ya conda imepona kwa libstdc++ mpya, hiyo sina shaka nayo.

#41 Mzee wa Kukompaili
Mambo matatu kwa mpigo, nani atajua lililotibu? Binti, ingia bila ule mstari: unset QT_QPA_PLATFORM, kisha uendeshe /usr/bin/pymol. Dakika moja tu.

#42 Binti_Pangani
Mzee shikamoo. Siigusi mashine hii mpaka nipeleke tasnifu. Nikishapeleka nitaufuta mstari ule na kuwaletea jibu hapahapa, naahidi.

#43 Kobe wa Pemba
Una haki. Tunasubiri.

#44 Samaki wa Ziwa
Salaam. Nina Debian 12, giza lilelile, lakini sina conda kabisa na niko kwenye Xorg, yaani X11, si Wayland. Nimejaribu pip install nikaambiwa externally-managed-environment. Nifanyeje?

#45 Nyuki_Eldoret
Hilo la pip ni ulinzi wa Debian yenyewe, usilazimishe. Tengeneza venv, mazingira ya Python ya pembeni: python3 -m venv --system-site-packages kazi, hapo utaiona PyMOL ya apt ndani yake na pip itakubali. La giza, mh, wewe huna conda wala Wayland.

#46 FundiTerminal
Samaki, bandika which -a pymol na glxinfo | grep renderer. Kama maandishi.